Kamani na Mafundi Wake

Wazee wa pwani walilijua neno kamani kabla hawajaijua motokaa. Kamani kwao ilikuwa kile chuma chembamba kilichojikunja ndani ya saa, kinachoihimiza mishale yake itembee, na neno lenyewe lilivuka bahari pamoja na bidhaa za Bara Hindi, likiwa limetoka katika Kihindi, na nyuma ya Kihindi katika Kiajemi, ambamo kaman ni upinde. Aliyepata kulala chali chini ya lori kuukuu akazitazama kamani zake za mabamba, jinsi bamba refu linavyokaa juu ya fupi, na fupi juu ya fupi zaidi, yote yakiwa yamepindwa kwa pamoja kama upinde uliovutwa ukangoja mshale, huyo hahitaji kuelezwa kwa nini jina hilo lilifaa. Leo kamani imebaki katika kamusi na vinywani mwa wachache. Gerejini husemwa springi, na anayezishughulikia huitwa fundi springi. Nitayatumia majina yote mawili bila ya kubagua, kwa kuwa ninalokusudia kulisimulia ni jinsi upinde huo mgeni ulivyopata mabwana wenyeji, na jinsi elimu ya kuutambua ubovu wake ilivyokusanywa katika nchi zetu na watu ambao aghalabu majina yao hayakuandikwa mahali popote.

Huko Ulaya motokaa ilirithi elimu iliyokuwa tayari. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza mmoja, Obadiah Elliott, alipata hataza ya kulikalisha gari la farasi juu ya kamani za mabamba zilizokabiliana mfano wa yai, na tangu hapo, kwa muda wa karibu miaka mia moja, wahunzi wa magari ya farasi walizifua, wakazivunja, wakazifua tena, hata ikawa mtoto wa mhunzi huijua tabia ya chuma hicho kabla ya kubaleghe. Henry Ford alipoitoa Model T yake mwaka 1908, iliyokaa juu ya kamani mbili tu zilizokingama, moja mbele na moja nyuma, hakuna mhunzi wa kijiji cha Marekani aliyestaajabu alipoinama kuichungulia.

Kwetu haikuwa hivyo, na sababu yake ni mdudu. Mbung'o aliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota katika sehemu kubwa ya bara, na kwa ajili hiyo biashara yote ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilipita juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Hata katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi yalilishwa kwa njia hiyo hiyo, na wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu walikufa kwa makumi ya maelfu. Kikosi chao cha upande wa Waingereza, kilichoitwa Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina la Kariakoo katika Dar es Salaam na Kariokor katika Nairobi. Nchi basi ilitoka kichwani mwa mpagazi ikaingia katika lori moja kwa moja, bila ya kupita katika gari la farasi, na bila ya ile karne moja ya kujifunza. Nami kila nipitapo Gerezani, jirani kabisa na Kariakoo, nikaona rundo la kamani zilizokatika zimeegemezwa ukutani na vijana wakizipiga nyundo, hukumbuka kwamba mzigo ule ule uliowahi kulala juu ya shingo za watu ndio uliokuja kulala juu ya vyuma hivi.

Motokaa ya kwanza kulivuka bara la Afrika ilianzia hapa hapa. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz, aliyekuwa ofisa wa jeshi la koloni, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa makusudi katika kiwanda cha Gaggenau, likiwa limeinuliwa juu sana kutoka ardhini, akafika Swakopmund katika pwani ya Atlantiki tarehe 1 Mei 1909. Mtu mwenye afya angeweza kuikamilisha safari hiyo kwa miguu katika muda huo, wala si ajabu, maana njiani hapakuwa na barabara, wala petroli, wala fundi, na siku nyingi zilipotea katika kungoja.

Mafundi wa kwanza walikuja na reli. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ililetewa vibarua takriban 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa Wapunjabi. Na katika waliobaki baada ya mikataba yao kwisha, kiasi cha watu 6,700, walikuwamo wahunzi na maseremala wa Kisingasinga ambao Waswahili waliwapa wote kwa jumla lakabu ya Kalasinga. Watu hawa walikuwa wameshaijua kamani kubwa kuliko zote, ile ya behewa la reli, na motokaa zilipoanza kuingia kwa wingi baada ya vita walitoka karakana za reli wakafungua zao, Mombasa, Nairobi, Kampala, Tanga, Arusha, Dar es Salaam, kila mmoja na tanuri lake na fuawe yake. Chini yao waliajiriwa vijana wa Kiafrika walioitwa spana boi, kwa kuwa kazi yao iliyotambuliwa ilikuwa kupokeza spana. Katika mshahara hesabu yao ilikuwa ndogo, na ufundi haukufundishwa kwa hiari, kwani aliyeujua aliuona ni mtaji wa wanawe. Lakini mtu anayepokeza spana kwa miaka kumi, na kila siku akaona ni spana ipi inayoitishwa baada ya mlio upi, huyo hawezi kuzuiliwa asijue.

Isitoshe, spana boi hakuwa mgeni wa chuma. Upareni na Ufipa kulikuwa na watu walioyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya moshi, na wahunzi wa Kichagga walifua mikuki kwa chuma kilichonunuliwa kwa Wapare. Tanuri hizo zilizimika chuma cha ng'ambo kilipokuwa rahisi, lakini mhunzi hakuzimika. Alibaki na mivukuto yake akitafuta malighafi, na malighafi iliyo bora kabisa aliipata kando ya barabara, katika malori yaliyokufa. Chuma cha kamani kimechanganywa na silikoni na manganizi, hakikubali kupinda kikabaki kimepinda, na kikinolewa hushika makali kwa muda mrefu. Kwa hiyo bamba la lori likageuka panga, jembe, tezo, na sime ya morani wa Kimasai. Hapa naona jambo ambalo waandishi wa habari za viwanda hulipita haraka mno: mhunzi wa Afrika ya Mashariki aliijua kamani kwa kuibomoa kabla hajatakiwa kuijenga. Alikuwa ameshaona jinsi inavyogeuka rangi motoni, jinsi inavyopasuka kama kigae ikitiwa katika maji baridi, na jinsi inavyokuwa tiifu ikitiwa katika mafuta. Siku lori la tajiri lilipokatika kamani mbali na mji, mwenye kuitwa alikuwa yeye.

Kazi yenyewe haijabadilika sana tangu siku hizo. Fundi hulegeza zile boliti za pinde zinazoikaza kamani kwenye ekseli, akaitoa nzima, akafungua boliti ya katikati, ambayo wenyewe huiita senta boliti, na mabamba hutawanyika chini kama kurasa za kitabu kilichokatika uzi. Huyasugua moja moja kwa brashi ya waya, kisha hutafuta ufa, naye hajisumbui kuutafuta kila mahali: huanza kwenye tundu la senta boliti, kwa kuwa hapo ndipo chuma kilipotobolewa na ndipo mzigo wote unapokutana, kisha huenda kwenye macho ya bamba la kwanza. Bamba lililokatika hubadilishwa. Lililolala tu, yaani lililopoteza mpindo wake, huwekwa juu ya vyuma viwili vilivyoachana na kupigwa nyundo nzito, pigo dogo kando ya pigo dogo, kutoka ncha hadi ncha, mpaka lifuate mstari wa chaki uliochorwa sakafuni. Wengine hulipasha moto mpaka liwe jekundu, wakalipinda, wakalizamisha katika mafuta, na hapo pana hatua moja ambayo humtenga stadi na mwigaji: baada ya kuzimwa bamba lazima lirudishwe motoni kwa kiasi, lipunguziwe ukali. Asiyelirudisha atalipa gari kioo, nacho kitavunjika penye shimo la kwanza. Na aliyelirudisha kupita kiasi atalipa gari bati, nalo litalala tena kabla ya mwezi kwisha. Pirometa haikuwapo, na rangi ya chuma ilisomwa kwa macho kivulini, ndiyo maana tanuri nyingi za kazi hii zilijengwa chini ya mwembe au chini ya paa la makuti na si juani.

Mwalimu mkuu wa mafundi hao ilikuwa barabara. Njia ya changarawe hujifanyia mawimbi yenyewe wakati wa kiangazi: gurudumu linalopita kwa kasi huruka kidogo, likitua husukuma mchanga mbele yake, na lijalo nyuma huruka pale pale na kutua pale pale, hata baada ya siku nyingi uso wa njia huwa kama bati la paa. Madereva wetu huyaita mawimbi hayo rasta. Kamani juu ya rasta haipati hata dakika ya kupumua, na mwenziwe, shokapu, ambayo Nairobi huitwa shoki, hupata adhabu kubwa zaidi. Watu wengi hudhani shokapu ndiyo inayolibeba gari; sivyo. Kamani ndiyo ibebayo, na shokapu kazi yake ni kuinyamazisha kamani ikishabeba, kwa kuyapitisha mafuta katika vitundu vidogo ili mtikisiko ugeuke joto. Juu ya rasta za kilomita mia moja joto hilo huzidi, mafuta huchemka na kufanya povu, na gari ambalo asubuhi lilikuwa mustarehe huanza mchana kuserereka kila kona. Dereva mzoefu alisimama chini ya mti, akangoja zipoe. Huo nao ulikuwa ufundi, ijapokuwa hakuna aliyeulipia.

Ndiyo maana mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, yalifuatwa na mafundi kwa makini kuliko yalivyofuatwa na matajiri. Magari yaliyoshindana yalikuwa yale yale yaliyouzwa dukani. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mwenye gereji aliyesoma orodha ya yaliyoanguka alikuwa akisoma orodha ya wateja wake wa mwaka ujao. Peugeot 404 ilishinda mara nne katika muongo huo, mara mbili kati ya hizo, mwaka 1966 na 1967, ikiwa mikononi mwa Bert Shankland, mkaazi wa Tanzania wakati huo. Na Joginder Singh, Singasinga mzaliwa wa Kericho, alishinda kwa Volvo mwaka 1965, kisha kwa Mitsubishi mwaka 1974 na 1976. Sifa ya Peugeot haikuwa mbio. Ilikuwa na kamani laini, ndefu za mwendo, zilizokubali kuzama na kuinuka bila ya kugonga, na 504 iliyoifuata mwaka 1968 ilirithi tabia hiyo, hata ile ya abiria wengi, ambayo Kenya nzima iliipanda kwa safari za mbali na kuiita Pijo, ikapewa nyuma kamani nne za msokoto badala ya mbili. Fundi aliyezoea Land Rover, iliyokaa juu ya mabamba pembe zote nne tangu ilipotokea mwaka 1948, ilimbidi ajifunze upya. Kwani kamani ya msokoto haitawanyiki ikasomwa kurasa, na aliyeifungua bila ya kuibana kwanza aliweza kuupoteza mkono wake au roho yake.

Kisha ukaja mwaka 1965, na kwa ufundi wa kamani nauhesabu kuwa mwaka wa mtihani. Mwezi wa Novemba walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na mwezi uliofuata njia ya mafuta ya Zambia, iliyopita katika nchi yao, ikafungwa. Zambia ilipaswa kunyweshwa kupitia Dar es Salaam. Malori yalipakiwa mapipa ya petroli yakaelekezwa Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya, hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kabla hata ya kuvuka mpaka, juu ya barabara ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa udongo mtupu: vumbi la kufunika taa wakati wa kiangazi, na utelezi wa kumeza magurudumu wakati wa masika. Wazungu waliipa jina la njia ya jahanamu. Bomba la mafuta lilianza kazi mwaka 1968, na lami ikafuata, lakini katika miaka hiyo ya katikati kila kituo cha njia hiyo kilijaa malori yaliyolala ubavu, na palipo lori lililolala palihitajika mtu. Utingo aliyekuwa akijua kuweka jiwe nyuma ya gurudumu tu alifunzwa na dhiki kuifunga kamani iliyokatika kwa mnyororo na gogo la mti ili lori lijikokote mpaka kwenye tanuri lililo karibu. Nawaona watu hao kuwa waasisi wa kazi hii sawa na wale wa karakana za reli, na huhuzunika kwamba kumbukumbu za vita vya ukombozi huwataja madereva kwa uchache na matingo kwa kutowataja kabisa.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda akiwapa muda wa siku 90, na karakana za Kampala zikabaki na wale waliokuwa wakipokeza spana. Zilitazamiwa kufa. Hazikufa, zilihamia Katwe na pembezoni, zikawa maskini wa vyombo na tajiri wa akili. Tanzania ilikutwa na dhiki yake kwa mlango mwingine: bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata, na fedha za kigeni zikawa adimu kiasi kwamba gari lilingoja bushi moja, yaani kile kipande cha mpira kinachokaa ndani ya kiungo, kwa miezi. Kenya, iliyokuwa na viwanda vya kuunganisha magari Mombasa, Thika na Nairobi, ilikuwa na afueni, na kamani za mabamba zilitengenezwa humo humo nchini. Lakini hata huko maskini wenye matatu walinunua vilivyotumika, na wafua vyuma wa Kamukunji, ambao Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985 akaahidi kuwajengea vibanda vya kuwakinga, walikuwa wakifanya kazi juani hasa, kama jina lao la Jua Kali linavyosema.

Miaka hiyo ya ukosefu ndiyo iliyofanya maarifa yetu yawe yetu. Bushi za mpira zilipokosekana, zilichongwa kutoka katika tairi kuukuu za lori, kwa kisu kilichochovywa majini ili kisikwame, zikagongwa mahali pake kwa nyundo na sabuni. Boljointi iliyolegea, yaani kiungo chenye kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, ambayo kiwanda kiliiziba ili ikichakaa itupwe, ilikatwa, ikatiwa kikombe kipya na mchonga vyuma, ikafungwa tena. Shokapu iliyovuja ilitobolewa, ikajazwa mafuta mazito, ikachomelewa. Na hapa sitaki kuwasifu mafundi kupita haki yao, kwa kuwa shokapu ya namna hiyo iliweza kuwa ngumu mno na kuuvunja mkono wake wa juu, au moto wa kuchomelea uliunguza mpira wa ndani na yote yakamwagika kabla ya wiki. Palikuwa na ufundi wa kweli na palikuwa na kubahatisha, na mara nyingi vyote viwili vilitoka katika mkono mmoja, siku moja. Ila katika kubahatisha huko mafundi walifungua vitu ambavyo mafundi wa Ulaya hawakuvifungua kamwe, wakaona kwa macho yao kwa nini kila kimoja hufa.

Watu binafsi waliporuhusiwa kubeba abiria katika Dar es Salaam mwaka 1983, na daladala zikapata jina lake, mateso ya kamani yalianza upya kwa namna nyingine. Gari la watu kumi lilibeba ishirini na watano. Baadaye zilipokuja Toyota Hiace, ambazo mji uliziita vipanya, nyuma zilikuwa na mabamba na mbele zilikuwa na fimbo ya chuma inayojisokota badala ya kamani, na wenye magari walimwendea fundi springi na ombi moja: ongeza bamba. Bamba liliongezwa, na la pili, na la tatu, mpaka gari likasimama kama meza. Fundi mwaminifu aliwaonya kwamba nguvu isiyomezwa na kamani haipotei, bali huhamia kwingine, kwenye chesisi na kwenye mifupa ya abiria. Naye aghalabu hakusikilizwa.

Soko lilipofunguliwa katika miaka ya themanini na tisini, magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia kwa maelfu, na vipuri pamoja nayo, vipya, vya mtumba, na vya bandia. Ukosefu ulikwisha, na pamoja nao ulianza kwisha ulazima wa kufikiri. Miguu ya magari haya, kama mafundi waiitavyo, ina mikono mingi na bushi nyingi ndogo, kila moja ikiweza kutoa mlio unaofanana na wa jirani yake, na kijana asiyefunzwa hubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine mpaka mlio unyamaze au mteja afilisike. Silaumu vijana peke yao. Mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza iliwapima kwa yale yanayoweza kuandikwa, na mwenye gari naye hulipa kwa kipuri kilichofungwa, halipi kwa nusu saa ambayo fundi alisimama akisikiliza.

Mimi nililipa mara mbili kabla ya kulielewa hilo. Motokaa yangu kuukuu iligonga mbele upande wa kushoto, nikaipeleka penye gereji moja, nikabadilishiwa shokapu zote mbili za mbele, na iliendelea kugonga. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya mwarobaini, mtu wa makamo ya babu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipomwamkia shikamoo na kumwambia shokapu ni mpya, alizitazama zilivyo kavu bila ya jasho la mafuta, akaniuliza, "Hugonga ukikanyaga breki, mwanangu, au ukipita tuta, au ukikata kona?" Sikuwa na jibu. Alinituma nikalizungushe gari mtaani mpaka nilipate, na niliporudi nikamwambia ni breki, na pia nikirudi nyuma, alitikisa kichwa kama aliyeletewa barua aliyokuwa akiingoja.

Hata hivyo hakukimbilia. Kwanza alipitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani kisha kutoka ndani kwenda nje, maana tairi iliyolika kwa vidimbwi husema shokapu zilikufa zamani, na iliyolika ukingo mmoja husema gurudumu haliendi sawa na njia. Aliinamisha pembe ya gari kwa uzito wake akaiachia. Iliinuka mara moja ikatulia. Akamwambia mwanafunzi wake auzungushe usukani taratibu huku yeye ameweka vidole juu ya kamani ya msokoto, akisubiri ule mshtuko mdogo unaojulisha kwamba beringi ya juu imekwama; mshtuko huo haukuwapo. Jeki hakuiweka chini ya mkono, aliiweka chini ya bodi, ili gurudumu lining'inie, kwa kuwa katika gari la namna ile jeki ikiwekwa pasipo pake boljointi mbovu hukaa kimya kama nzima. Boljointi ilikuwa nzima. Ndipo alipoutia mtaimbo katika pembe ya nyuma ya mkono wa chini, akasukuma kwa kidole kimoja tu, na mpira wa bushi ukafumbuka kama mdomo. Kila nilipofunga breki gurudumu lilirudi nyuma likagonga chuma kwa chuma, na shokapu mpya hazikuwa na uwezo wowote juu ya jambo hilo.

Bushi ilikuwa imebadilishwa si zamani; rangi ya mpira ilionyesha. Alimwonyesha mwanafunzi jinsi ilivyochanika kwa kusokotwa, si kwa uzee, akamwuliza sababu, na kijana akakaa kimya. Bushi mpya ikagandamizwa mahali pake kwa mchonga vyuma wa mtaa wa pili, mkono ukarudishwa, na mwanafunzi akashika spana ili akaze boliti gari likiwa bado liko juu. Mzee akamzuia mkono. Alilishusha gari mpaka likasimama kwa magurudumu yake manne, akaniambia niketi mahali pa dereva, akalisukuma chini mara tatu ili kamani zipate kimo chake, kisha yeye mwenyewe, kwa umri ule, akajilaza juu ya gunia na kuingia uvunguni, akaikaza boliti hapo, mpira ukiwa umepumzika katika hali utakayokaa nayo siku zote njiani.

Nikampa fedha yake, kidogo kuliko bei ya shokapu moja. Nilipoliondoa gari alitembea kando yake, mkono mmoja juu ya bodi, sikio limeelekezwa gurudumu la kushoto, mpaka tukavuka tuta la kwanza. Akalipiga paa mara mbili kwa kiganja, akageuka kurudi mwarobaini.